Plagi Iliyofungwa Kinyume

Tangu mazishi ya mumewe, Mwalimu hakuwa amelia. Watu walimsifu kwa kujikaza, naye akawaacha wasifu, maana ingekuwa kazi kuwaeleza kwamba hakukaza kitu. Aliamka, akaoga, akavaa sketi iliyopigwa pasi, akala alipopakuliwa. Akiulizwa hali alisema salama, kama anayemjibia jirani asiyekuwepo nyumbani.

Marehemu mumewe alikuwa fundi simu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Rubani ingawa hakuwahi kurusha hata kishada. Kwa miaka alikuwa akijenga ndege ndogo ya viti viwili ndani ya gereji: mwili katikati, mabawa yamening'inia ukutani juu ya makopo ya rangi, gari la familia likinyeshewa nje. Waliomcheka walicheka mpaka wakachoka. Kilichomkwaza Mwalimu ni maneno mapya, ya baada ya msiba, kwamba mwishoni Rubani kichwa kilikuwa kimeshamruka, akili zimepotea, kazi yake kushinda na waya mezani akizungumza peke yake. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, na yalikuwa yameuzunguka ukoo wote. Mwalimu hakujibizana na mtu. Aliamua tu kwamba ndege itakaguliwa, itapita, na kibao cha mjenzi, kile kinachobandikwa ndani ya ndege, kitakuwa na jina la mumewe peke yake. Hapo kila mdomo utajifunga wenyewe. Mkaguzi aliahidi kuja Alhamisi.

Jumatano asubuhi shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi redio, alikuja kuwasha umeme wa ndege. Taa ziliwaka. Alipowasha redio, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Akajipenyeza chini ya dashibodi, ikabaki miguu nje.

"Shem," akaita kutoka huko chini. "Kaka alikuwa anakunywa nini?"

"Chai."

"Basi ilikuwa kali."

Akatoka na plagi ya redio mkononi, kipande cha plastiki chenye safu mbili za matundu, ya juu ikiizidi ya chini kwa tundu moja, kila tundu na pini yake, kila pini na waya wake.

"Mchoro unaionyesha kwa mbele, kule inakoingia kwenye redio. Kaka alikuwa anachomeka pini kwa nyuma. Ukiigeuza, kushoto kunakuwa kulia. Kaifunga yote kama mtu anayejitazama kwenye kioo."

"Yote?"

"Yote. Hii tu ya katikati, safu ya juu, ndiyo iko mahali pake. Katikati haina pa kuhamia."

Mwalimu alingoja moyo umshtuke. Haukushtuka. Alichokiona akilini ni uso wa wifi yake ukilipokea jambo hili.

"Nakata, nafunga plagi mpya, nusu saa nimemaliza," shemeji akasema.

"Waya hazitafupika?"

"Nitaziunga."

"Maungio yataonekana. Usikate. Chomoa moja moja, uzirudishe panapostahili."

"Kwa vidole hivi, Shem? Hizi ni ndizi."

Basi akakaa Mwalimu mwenyewe, miwani puani. Shemeji alibandika vipande vya karatasi kwenye waya ili zisichanganyike, kisha akampa kijiti cha plastiki chenye mfereji. Waya unalazwa ndani ya mfereji, kijiti kinateleza kuufuata mpaka ndani ya tundu, na huko ndani ncha yake inabana vijibawa viwili vinavyoishikilia pini. Hapo ndipo kijiti na waya vinatoka pamoja. Ile ya kwanza Mwalimu aliivuta mapema, na ncha ya kijiti ikapinda.

"Usivute. Isukume kwanza, kama unamkaribisha ndani mtu unayetaka aondoke."

Akachukua kijiti kingine, akasukuma, akasikia kitu kikilegea, akavuta. Pini ikatoka, ya rangi ya dhahabu, ndogo kama kijino cha kitana. Alijaribu kufikiri kwamba wa mwisho kuigusa alikuwa mumewe. Fikra ilikuja ikapita, haikuacha kitu. Akashika iliyofuata.

"Lakini tazama," shemeji akasema alipokaribia kumaliza. "Mwenye kichwa kilichoruka anakosea huku na kule. Kaka kakosea mara moja tu, halafu akalifuata kosa lake kwa adabu mpaka mwisho."

Mchana redio iliwaka, na fyuzi ikakaa.

"Mkaguzi asipouliza, hatusemi," Mwalimu akasema.

Alhamisi mkaguzi alifika, mzee mwembamba mwenye tochi, asiye na haraka. Wifi naye alikuja, kusaidia chai kama alivyosema, akasimama mlangoni na sinia. Mkaguzi aliingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa huko muda mrefu.

"Kote vumbi, ila kwenye plagi hii. Nani kaifungua?"

"Nilikuwa napangusa tu, mzee," shemeji akasema.

"Unapangusia chini ya dashibodi?"

Mwalimu aliona njia ilivyo nyepesi: shemeji angeongeza uongo kidogo, mkaguzi angechoka. Ndege ingepita, kisha siku moja mtu angekaa ndani yake, juu kabisa, akiamini kila alichoambiwa kuhusu waya hizi. Na jina lingekuwa la mumewe.

"Mume wangu aliifunga kinyume," akasema. "Aliusoma mchoro kwa mbele. Nimechomoa pini mimi jana, nikazirudisha."

"Si nilisema," wifi akanong'ona.

"Ulisema, wifi. Ulisema kichwa kilimruka. Uliza hapa kama kosa hili ni la kichwa kilichoruka."

Mkaguzi hakungoja kuulizwa. "Hili ni la mtu aliyeinama juu ya kazi, mama. Nimelikuta kwa watu wazima wenye akili zao." Akauvuta kila waya taratibu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliotoka. Kisha akafungua mkoba. "Ila aliyegusa waya huandikwa. Kibao kitakuwa na wajenzi wawili."

"Nilitaka jina liwe lake peke yake."

"Ungekaa kimya, basi."

Shemeji akatazama viatu vyake. Wifi akaweka sinia chini, akaanza kumimina chai, akimtangulizia Mwalimu kabla ya mgeni.

"Jina lako kamili, mama?"

Mwalimu akalitaja herufi moja moja, polepole, kama anavyowasomea wanafunzi imla, mpaka alipoona limeandikwa sawasawa.