Kinanda, Kodiani na Mwazindika

Fanuel hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo maana najua nikimaliza hamtanikubalia, na mimi mwenyewe kuna siku silikubali.

Alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Voi. Siku tano alipima magunia na masanduku, na Jumamosi alipanda milima kurudi Wusi kwa mkewe Wakesho. Nyuma ya fomu za mizigo zilizoharibika aliandika muziki, kwa zile herufi za do-re-mi tulizofundishwa shule ya misheni. Miaka minne aliandika kitu kimoja tu. Kilikuwa cha vyombo vitatu ambavyo mtu mwenye akili zake asingeviweka chumba kimoja: kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu; kodiani ya Makau, Mkamba fundi wa reli aliyepiga kwenye harusi za Voi; na mwazindika, ngoma yetu ndefu ya Kidawida. Maneno ya kuimba hayakuwemo. Watu walimcheka. Mimi Noah, mpiga kinanda wa kanisa, nilimcheka kuliko wote, kisha nikakubali kupiga, kwa sababu karatasi zile zilikuwa nzuri na niliona wivu.

Fanuel alitaka jambo moja duniani: akisikie kitu chake mwanzo hadi mwisho, hata mara moja, mbele ya watu.

Ngoma ndiyo iliyokuwa na kesi. Zamani mwanamke wa kwetu akipandwa na saka, pepo lile la kutamani mambo ya kigeni, mpigaji alimjaribia mdundo baada ya mdundo hadi mguu wake uitikie. Ule ulioitikiwa ukawa wake hadi kufa. Ukimfikia masikioni huinuka, apende asipende. Wakesho aliwahi kupandwa, kabla hajabatizwa. Waliochezesha ngoma yake walikuwa wameshakufa, na waliobaki wakiujua mdundo wake ni yeye, mumewe, na mimi jirani niliyechungulia uani.

Wazee wa kanisa walikubali mwazindika ipigwe ndani siku ya mavuno, mwaka wa hamsini na tano. Mkuu wao, Mzee Reuben, alisema muziki usio na maneno hauna mahali pa kuficha dhambi.

Sehemu ya kwanza ilipita vizuri, na ya pili pia. Ya tatu ilianza kwa ngoma peke yake, Fanuel mwenyewe akipiga. Kodiani haijaingia, nikamwona Wakesho ameinuka kwenye viti vya akina mama. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Alijitahidi, Mungu ni shahidi, alijitahidi. Kisha kitambaa cha kichwa kikaanguka, mabega yakatetemeka, akaingia kucheza katikati ya kanisa macho yamegeuka meupe. Watu wakapiga mayowe. Reuben akaja akafunga kinanda, vidole vyangu vikiwa ndani, na muziki ukakatikia hapo.

Jumanne wazee walikaa. Swali lilikuwa moja. Kama mdundo ule ni wa saka, basi ngoma ndiyo yenye hatia, karatasi zitachomwa, na Wakesho atasamehewa kwa kuwa alivutwa. Kama si wa saka, basi Wakesho amerudia mambo ya giza kwa hiari yake.

"Fanuel, mdundo ule uliutoa wapi?" Reuben aliuliza.

Fanuel alizitazama karatasi zake mezani. Mkewe hakumtazama.

"Niliutunga mwenyewe, mzee."

"Si wa ngoma za zamani?"

"Hapana, mzee."

Uongo mtupu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile nilikiona kwa macho. Lakini mimi nani wa kumlaumu? Nilitazama vidole vyangu vilivyovimba, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka kuipiga ile sehemu ya tatu.

Wakesho akaulizwa kama ana neno.

"Baba Loise amesema si wangu," alijibu. Loise ni binti yao, aliyeolewa Mata. "Basi si wangu."

Walimtenga na Meza ya Bwana mwaka mzima, asikanyage kanisani. Muziki ukapangiwa Pasaka.

Ulikuwa mzuri. Ningependa kuwaambia ulikuwa ovyo, lakini sitaongeza uongo mwingine juu ya ule. Sehemu ya tatu ngoma ilitangulia, Makau akaifuata polepole na kodiani, kisha mimi nikaingia chini yao wote, na kanisa zima hakukohoa mtu. Mzee Reuben alifuta macho kwa leso. Tulifika mwisho. Fanuel alibaki ameweka viganja juu ya ngozi ya ngoma, analia kwa furaha, watu wakimshika mkono mmoja mmoja.

Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya kanisa, karibu kiasi cha kuitana. Nilishuka naye. Mlangoni tulimkuta Wakio, dada yake Wakesho. Ndani Wakesho alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya katani, mikono na miguu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba dada yake amfunge asubuhi ile, ili ngoma ikianza asije akatoka kumwaibisha mumewe mara ya pili. Kamba ilikuwa imekula nyama ya vifundo vyake, na damu ilikuwa imetiririka hadi kwenye vidole.

Fanuel alipiga magoti mbele yake. Nilidhani anataka kumfungua.

"Mama Loise," alisema, machozi ya furaha hayajamkauka usoni, "umeisikia ile ya tatu? Hatukukosea hata mahali pamoja."