Norman Thwaite na Ndege wa Maegesho

Norman Thwaite wa Yorkshire alikuwa na uongo mmoja tu maishani, lakini aliulisha vizuri ukanenepa. Alidai kwamba ujanani alimwona yule ndege wa nta, mwenye kishungi kichwani, anayekimbia theluji za kaskazini na kuja kula matunda ya baridi, tena si kila mwaka. "Mkubwa hivi!" alizoea kusema kilabuni, mikono ameitanua kama mvuvi. Kwa sifa hiyo wakampa uongozi wa matembezi ya ndege kijijini. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuona hata unyoya wake, na magoti yalishaanza kumwambia muda umekwisha.

Januari moja ndege hao wakaja.

"Nasikia wako kwenye maegesho ya supamaketi," alisema Hilary Pocock, mwalimu mstaafu aliyeumezea mate uongozi ule siku nyingi.

"Maegesho?" Norman alimtazama kama aliyetukanwa. "Ndege wa heshima zake akaishi na vitoroli? Shambani, mama, shambani!"

Wakaingia shambani. Tope liliwanyonya mabuti, mvua ikaja ubavuni, na kwa kuwa ni Waingereza hakuna aliyelalamika. "Hewa safi hii," alisema mmoja, pua imekuwa bluu. Waliona kunguru wawili na kondoo. Mara Norman akainua mkono, wote wakaganda, darubini juu. Ulikuwa mfuko wa plastiki umenasa kwenye miiba.

Simu ikalia. Kwa sababu ya masikio yake mazito, Norman huifungulia sauti mpaka ng'ombe wasikie.

"Norman, mpenzi," alisema mkewe, Brenda, "nimekuja kununua mkate, ndege wako wamelichafua gari lote!"

"Kunguru hao."

"Kunguru gani ana kishungi? Njoo upesi, matunda yanakwisha mtini."

Kila mtu alichunguza mabuti yake.

"Sisi tunakufuata wewe, kiongozi," alisema Hilary, kwa upole wa kisu kilichonolewa jana.

Norman alilitazama shamba. Kisha akageuka, akatoka mbio, magoti yakilia kama mlango usiotiwa mafuta.

Ndege walikuwepo pale maegeshoni, juu kidogo tu ya vitoroli, kundi zima, ncha za mabawa kama zimechovywa kwenye nta nyekundu, wakibugia matunda kama wageni wa harusi. Norman alisimama chini yao, na mdomo ukafunguka wenyewe:

"Kumbe wadogo hivi!"

Wote walisikia. Brenda akafumba macho. Lakini katika nchi ile hakuna anayekuita mwongo wakati chai bado ipo chupani. Hilary alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa.

"Kunywa, Norman. Jumamosi ijayo nitaongoza mimi."

"Sawa, mama, sawa," alisema Norman, hata darubini hakuishusha, chai ikimwagikia mkononi. "Hebu nyamaza kidogo. Yule wa kushoto anameza."