Mahojiano Yangu ya Ng'ambo Yameishia Leba

Jamani, leo nimehojiwa kwenda kusoma ng'ambo nikiwa nimevaa gambuti.

Miaka miwili natuma faksi nikiomba hii nafasi.
Profesa, mzungu aliyekuja hapa hospitalini kunihoji, akauliza kama nimewahi kuzalisha bila mashine.

Kabla nijibu, nesi akabisha: "Daktari, yule mama wa pacha kutoka Uriri! Pacha wa pili amelala vibaya."

Nikamwacha profesa hapo.
Stima ilikuwa imepotea. Nikasikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya mbao, nikamgeuza, naye Adongo, kama Wajaluo wanavyomwita pacha wa pili wa kike, akatoka akilia.

Kumbe aliyenishikia tochi ni profesa!
"Nafasi ni yako," akasema. "Tutakufundisha kuzalisha bila mashine."

Nimechoka, hata kucheka siwezi.

Yule mama wa pacha akaniuliza mzungu anasema nini. Nikamwambia.

"Sasa daktari, unaenda kwao kusomea mambo ya kwetu?"

Nyinyi mngemjibu nini?