Kabro Zilizopakwa Polishi

Mume wangu Makori hajui kuliacha jiwe lilivyo. Hiyo ndiyo shida yake, na kwa kuwa tumeoana miaka thelathini na moja, ni shida yangu pia. Nayasema haya nikiwa nimechoka, kwa hivyo mnisamehe nikipandisha sauti.

Kwao ni Tabaka, kule kwenye mawe laini yanayochongwa visahani na wanyama wa kupamba meza. Kule wanaume huchonga, wanawake husugua kwa msasa na kupaka polishi. Makori hakuwa na mkono wa kuchonga. Kila kiboko alichochonga kilitoka nguruwe. Basi akaketi na wanawake, akasugua miaka ishirini na sita huku ndugu zake wakimcheka, na asikwambie mtu, hakuna aliyemfikia. Alikuwa akisema jiwe si safi mpaka uone meno yako ndani yake. Kisha kifua kikajaa vumbi. Daktari akamwambia, mzee, ukisugua jiwe tena utajiua. Akanifuata Kisii mjini, ambako nilikuwa nauza ndizi na mboga ya chinsaga kando ya steji ya matatu.

Steji yenyewe iko mlimani. Gari likipanda linatutemea moshi mweusi usoni, nasi tunakohoa tukihesabu ndizi. Mimi nimekaa pale miaka kumi na tisa, na dawa ya kuvuta ya pumu haitoki mfukoni mwa aproni yangu. Niliambiwa nihame moshi. Nihamie wapi, na wateja wananijua pale?

Mwaka jana watu wa mradi wakaja kutandaza kabro mpya, yale matofali ya saruji ya kukanyaga, mlangoni mwa steji, hatua arobaini hivi. Mkubwa wao alikuwa Injinia Aketch, binti wa kutoka upande wa ziwa, mwenye adabu na viatu vya matope. Alitueleza kwa Kiswahili cha polepole, maana sisi nyumbani ni Ekegusii, Kiswahili tunakiazima tu.

"Kabro hizi zina dawa ndani," alisema. "Jua likizipiga, dawa inaamka. Ile hewa mbaya ya moshi wa magari ikizigusa inageuka kuwa chumvichumvi, mvua inaiosha. Hazimalizi uchafu wote, zinapunguza."

Wakafunga kisanduku cha kupima uchafu wa hewa kwenye mlingoti. Kipimo kikiwa chini mwishoni mwa Agosti, wangeendelea kutandaza mpaka kwenye safu yetu ya wauza mboga. Kikikataa, wangekunja virago. Mimi nilimwambia Makori kwamba jiwe linalokula moshi ni sawa na paka anayekula chinsaga. Nilitania tu. Moyoni nilizitaka kabro zile kuliko kitu chochote, maana kupumua kulikuwa kumeanza kunitisha.

Makori akapewa kazi ya kuziosha, maji na brashi basi. Injinia akamwambia, "Mzee, kazi yako ni moja. Zikae safi."

Laiti angetafuta neno lingine!

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Kipimo kilishuka. Ombui, mpiga debe wa steji, alikuwa akipita anauliza, "Mzee, mawe yako yamekunywa chai?" na Makori anajibu kwamba yanangojea uji. Nilimwona mume wangu akitembea kama mtu mwenye ofisi.

Mwanzoni mwa Agosti tukasikia wageni wa mradi watakuja Jumatatu. Sasa, sisi ni Wasabato. Ijumaa ni siku ya maandalio: nyumba inasuguliwa, viatu vinapigwa rangi, jua lisitue kitu kikiwa kichafu. Ijumaa hiyo Makori akaosha kabro, akazingoja zikauke, kisha akatoa mikebe ya polishi na matambara. Alipaka hatua zote arobaini. Nilimwona kwa macho yangu haya, nikampelekea ndizi mbivu, nikamsifu.

Jumatatu kabro ziling'aa ajabu. Wageni wakapiga picha. Ombui akateleza, akaanguka chali mbele yao, nasi tukacheka mpaka machozi.

Wiki moja baadaye kipimo kikapanda, kikarudi kama vile hakuna kabro. Injinia Aketch alikaa kwenye kreti yangu ya soda, ameshika kichwa. "Sielewi, mama," akaniambia. "Jua lipo, zinaoshwa, lakini ni kama hewa haizigusi tena. Nitaandika kwamba zimeshindwa."

Makori alikuwa amesimama na ndoo. Nilimwona akibadilika uso. Akasema, "Madam, usiandike. Mimi nilizipaka polishi."

"Ulizipaka nini?"

"Polishi. Ulisema zikae safi."

Yule binti hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alisema taratibu, "Mzee, umeziziba." Akaeleza kwamba dawa iko kwenye tabaka la juu, nene kama kidole, kwa hivyo kukwangua kidogo hakutaiharibu. Ila mashine ya kukwangua haipo, na zimebaki siku kumi na mbili.

"Nina msasa," akasema Makori.

Nilimfokea pale pale mbele za watu. Nilimwambia ana kichwa kigumu kuliko hizo kabro, kwamba daktari alisema, kwamba sitaki. Akanijibu, "Mama Nyangate, nitasugua na maji. Vumbi haliruki kwa maji." Mazoea yana taabu, jamani. Alipiga magoti asubuhi iliyofuata, kitambaa mdomoni, na kufikia siku ya tatu nilikuwa naisikia pumzi yake kutoka kwenye meza yangu.

Nikawaza: huyu anasugua kwa ajili ya kifua changu. Nikiondoka hapa, hatakuwa na sababu. Siku ya nne nikabeba ndizi zangu na kreti yangu, nikahamia uchochoro wa nyuma ambako hakuna mtu anayepita. Miaka kumi na tisa niliiacha hivyo hivyo. Nilikaa huko nikiwa na uchungu mwingi, nikingoja aje.

Alikuja adhuhuri, magoti yanachuruzika maji.

"Nimehama," nikamwambia. "Sasa tupa huo msasa."

Akapumua kwanza. "Mahali pako amekaa Lavender," akasema. "Na mtoto mgongoni."

Lavender ni binti wa kutoka Gesima, alikuwa akitembeza mboga kwa beseni. Kumbe alikuwa anapatamani pale siku zote. Mtoto wake hajatimiza hata miezi minne. Makori akageuka, akarudi kusugua.

Nililia kwa hasira. Kisha nikafunga biashara, nikashuka, nikamnyang'anya msasa. Hakubishana. Akawa anamwaga maji, mimi nasugua, na yeye ananielekeza kama mwanafunzi: zungusha mkono, usikandamize, jiwe si adui yako. Nikichoka anachukua yeye, akikohoa nachukua mimi. Siku ya kumi na moja tulifika hatua ya arobaini. Kipimo kikaanza kushuka tena, si sana, lakini kilishuka.

Novemba wakatandaza safu nzima ya wauza mboga. Siku hiyo Injinia Aketch alipanda mpaka kwetu, akamkuta Makori ameketi kitandani. Tangu Agosti halali chali, akilala chali anazama. Injinia alileta karatasi: kazi ya kudumu ya kuosha kabro zote.

Makori akafungua mdomo. Pumzi haikutosha kwa sentensi. Akaniangalia mimi.

"Nitaosha mimi," nikasema.

Injinia akatoa kalamu, akauliza aandike Mama Nyangate au vipi. Makori akainua kidole, tukangoja sote wawili mpaka akapata hewa.

"Orpah," akasema. Akapumua. "Andika Orpah. Anajua kusugua."