Mgeni wa Chumba Namba Sita

Mama hakuwahi kukubali kwamba nyumba yetu ya wageni imefungwa. Korona ilipokata safari, na watalii waliokuwa wakilala kwetu njiani kwenda Rungwa wakaacha kuja, majirani wa hapa nje ya mji wa Singida walimpa pole kama mtu aliyefiwa. Akawajibu kwamba wageni wamechelewa tu.

Lakini tumbo halielewi habari za kuchelewa. Mama akarudia kazi aliyoizoea tangu usichana wake kule Ilongero: kuku wa kienyeji. Banda hatukuwa nalo. Tulikuwa na vyumba sita vyenye feni na vyandarua. Nilipinga, nikanuna, nikasusa chakula, na jioni njaa ikanirudishia akili. Majogoo tuliwapa vyumba vya mtu mmoja mmoja kwa sababu hawapatani. Matetea wenye vifaranga wakapewa chumba cha familia. Malori ya Dar yakawa yanapita kuwachukua, na kwa kweli kuku hao ndio waliotulisha na kutuwashia taa. Nimepikia watu miaka mingi, na sijapata wageni wapole kama wale. Hakuna hata mmoja aliyelalamikia chai.

Chumba namba sita, kile kizuri kuliko vyote, kuku hawakuruhusiwa. Hicho Mama alikitandika shuka nyeupe, akakiweka kwa ajili ya mgeni wa kwanza atakayerudi.

Safari zilipofunguka, wakala wa utalii aliyekuwa akituletea wageni zamani alipiga simu kutoka Arusha. Alisema anakuja kukagua, aone kama bado tunafaa au awapeleke watu wake hoteli za mjini. Kulikuwa na mfanyabiashara wa alizeti aliyetaka kuinunua nyumba aifanye ghala, na Mama alishaniambia kwamba wakala akitukataa, atauza.

Basi tukasugua. Kuku tukawahamishia uani, tukasugua sakafu na kuta, tukamwaga dawa mpaka macho yakawasha. Asubuhi ya ukaguzi nikafungua namba sita ili nipange maua tu. Katikati ya kitanda, baina ya mito miwili, tetea mmoja mwenye madoa alikuwa ametulia akiatamia mayai. Majuma machache nyuma, tulipokuwa shambani kwetu tukivuna alizeti, mlango tulikuwa tumeuegesha hewa ipite, naye akaona hapo ndipo pa kukaa. Nilitamani kumtupa dirishani.

"Kuku anayeatamia hahamishwi," Mama akasema. "Ukimhamisha anayasusa mayai."

"Mama, mtu anatoka Arusha."

"Aje. Vyumba vitano vipo." Akafunga mlango, akaweka ufunguo kifuani.

Wakala akafika na barakoa yake, akanawa mikono kwenye ndoo yetu, akampa Mama shikamoo kutoka mbali. Akakagua vyumba vitano, akabonyeza magodoro, akafungua mabomba.

"Mbona pananuka dawa kama zahanati?"

"Ni usafi tu, kaka," nikasema.

"Na namba sita?"

Mdomo wangu ukaitangulia akili. "Kuna mgeni."

"Hongereni. Yupo tangu lini?"

"Wiki ya pili sasa."

"Basi nimsalimie, nimuulize huduma ikoje."

"Huyu hatoki, kaka."

"Hata kula?"

Mama, ambaye uongo haujui hata kidogo, alikuwa anapita na bakuli la mtama. "Chakula chake tunampelekea humo humo," akasema.

Wakala akaivuta barakoa mpaka chini ya macho. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, mgongo ukagonga gari lake. "Mama," akasema, "mmeficha mgonjwa humu ndani?"

Habari hiyo ikifika Arusha, hata yule wa alizeti angeogopa kuweka magunia yake kwetu. Nikamtazama Mama. Akatoa ufunguo, akafungua mlango wazi kabisa.

Tetea akamkazia wakala jicho moja, akavimbisha manyoya.

Yule bwana akaketi kwenye ngazi. Akavua barakoa, akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa mimi nikasogea pembeni, mazoea ni mabaya. Ndipo nikamwona uso. Alikuwa amekonda sana.

"Ofisini kwangu mimi nilikuwa nauza nyanya," akatuambia. "Bango la kampuni nililigeuza nikalifanya meza."

Mama akamletea chai. Alipoimaliza akasema, "Nitaleta watu, Mama. Lakini huyu atoke."

"Atatoka akishaangua. Kabla ya hapo usilete mtu."

Nikamkanyaga mguu. Riziki yetu yote ilikuwa imekaa kwenye ngazi ile, naye anaipangia masharti.

"Anaangua lini?" wakala akauliza kwa heshima.

"Wiki ijayo."

Akarudi na wageni vifaranga walipokuwa wameshazagaa uani. Tangu asubuhi Mama alisimama getini na kitenge chake cha kanisani, sabuni mkononi, akirudia kimoyomoyo salamu ya Kiingereza niliyomfundisha. Gari likaja jua limeanza kushuka. Wazungu wanne wakashuka wakitabasamu. Mama akafungua mdomo, Kiingereza chote kikapotea, machozi yakamtoka.

"Mmechelewa," akasema.

"Samahani sana, Mama," wakala akadakia. "Tulipata pancha Katesh."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akalinyanyua begi la kwanza, akalipeleka namba sita.