Kimya cha Mheshimiwa

Juzi, katika hoteli moja mjini Nyeri, mtangazaji wa televisheni alimuuliza mbunge swali, kisha akanyamaza kumngoja. Mhudumu alidhani televisheni imeharibika, akashika rimoti. Nilicheka, kwa sababu nami niliwahi kudhani hivyo.

Nilipokuwa mtoto kwetu Mukurweini, kazi yangu ilikuwa kuanika betri za redio juani zipate nguvu. Siku moja nilizisahau kivulini nikaenda kucheza. Alasiri mbunge wetu alihojiwa saa nzima, na Baba aliacha hata kukama ng'ombe ili amsikie. Ndizi zilikuwa zikichemka, moshi ukituwasha macho.

"Daraja ulilotuahidi liko wapi?" mtangazaji akauliza.

Redio ikanyamaza kabisa. Sikujua bado kwamba mtu mkubwa anaweza kukosa jibu. Nilijua tu kwamba nimeiua redio.

"Baba, ni mimi," nikalia. "Sikuanika betri."

Baba aliinua mkono, sikio likiwa bado kwenye redio. Mle ndani mtu akakohoa. Redio ilikuwa hai! Nilipumua kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Usilie, mami," Baba akanibembeleza, mimi bintiye. "Betri ziko sawa. Ni mheshimiwa ameishiwa."