Kadi za Ng'ombe wa Baba

Vijana wanaoanzisha kampuni za programu huniita niwashauri, na swali langu la kwanza huwakera: mwenye taarifa hizi amekubali zionekane? Hudhani nililisoma chuoni. Nilijifunzia kijijini kwetu Dutwa, mwaka niliotaka kuoa.

Nilikuwa nimeajiriwa Dar es Salaam, ofisi yenye kompyuta iliyojaa chumba kizima, nikaja likizo na majivuno yangu. Kijijini watu walikuwa wamehamishiwa pamoja kwa Ujamaa, mifugo imechanganyika, ugomvi kila asubuhi. Nikatengeneza kompyuta ya kwetu: kadi moja kwa kila ng'ombe, matundu pembeni, kila tundu na mwenye mali wake. Kwenye kila kadi, tundu la mwenye ng'ombe huyo nililikata hadi ukingoni. Ukizipanga kadi zote pamoja, ukapitisha sindano ya kufumia kwenye tundu la mtu na kunyanyua, kadi za ng'ombe wake zinadondoka. Nilizunguka boma kwa boma nikiwahoji wachunga ng'ombe, nao hawakunificha kitu.

Kisha wakaja wazee wa upande wa binti kuzungumza mahari. Baba alivaa koti lake la viraka.

"Ukame umetumaliza," akasema kwa sauti ya msibani. "Nimebaki na hao kumi na mmoja mnaowaona."

Baba wa binti akanuna. Nikaogopa mazungumzo yatavunjika na nitamkosa mchumba, basi nikaleta kadi zangu ili nionekane mkwe mwenye akili.

"Hebu tuoneshe za baba yako," akasema baba wa binti.

Nikapitisha sindano, nikanyanyua. Zikadondoka. Zikaendelea kudondoka.

Kwetu mtu hugawa ng'ombe wake kwa marafiki wamtunzie, ugonjwa usiwamalize wote na mgeni asijue idadi. Nililijua hilo tangu utotoni, ila siku ile lilinitoka akilini. Kadi arobaini na tatu zilikuwa mkekani.

"Ng'wanone, mwanangu," baba akasema polepole, "ulienda kusomea kuniua?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee yule akacheka mpaka akashika mbavu.

"Binti tunampa. Aliyeshindwa kumfichia baba yake mzazi, atamficha nini mwanangu? Ila ng'ombe ni ishirini na watano."

Baba akakubali, hana pa kukimbilia.

Wakati wa kuaga, baba mkwe wangu akanivuta kando nyuma ya ghala.

"Na wangu," akanong'ona, "umewaandika?"

Walikuwa tisa, bomani kwa jirani yetu, na nyumbani kwake alijulikana kwa ufukara. Nikazichana kadi zao mbele yake. Baba angejua kwamba naye anaficha, angewabana na mahari ingeshuka. Baba alifariki hajajua, na hadi leo linaniuma.